Kuku wa Safta na Mayai Yao

Hîrtopeni, 6 Oktoba 2002

Mwanangu Aurica,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, anakula, analala, anauliza kama huko Italia unavaa soksi. Zabibu tumeshachuma na kukamua, divai inachemka ndani ya pipa, na nyumba nzima inanuka kama mdomo wa jirani yetu Haralambie. Jozi mwaka huu haba. Kahawa uliyompa Valeriu wa basi dogo imefika. Chokoleti nayo imefika, ila pakiti moja ilikuwa wazi, na Valeriu anaapa kwa roho ya mama yake kwamba ni panya wa mpakani. Panya huyo ana masharubu, nadhani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kuku wanakula mayai yao. Nikiingia bandani asubuhi nakuta majani ya kiota yamelowa ute, kiini kimetapakaa, na maganda hayapo hata ya dawa. Matetea wote wananitazama kama wanakijiji waliokuwa wakikusengenya ukatokea. Haralambie ananicheka juu ya uzio: "Pintilie, kikulacho ki nguoni mwako!" Nimemwambia akalale.

Mimi ni mtu wa mizabibu, kuku sikuwahi kuwajua. Wewe tangu mdogo ulikuwa unashinda bandani. Niandikie, mtu huwazuiaje?

Baba yako,
Pintilie


Padova, 19 Oktoba 2002

Baba mpendwa,

Nabusu mikono yako na ya Mama. Mwambie soksi navaa, tena mbili mbili. Kazi inaendelea. Bibi Ersilia ninayemtunza hajambo kwa umri wake, anakula ukimlisha bila haraka. Mwanawe huja Jumapili, hasimami sana, kofia haitoki mkononi. Ni mtu mwema lakini. Amepeleka jina langu serikalini nipate kibali cha kukaa. Mpaka kitoke sitakiwi kuvuka mpaka; nikitoka, nimetoka, mlango unafungwa nyuma yangu. Kwa hiyo Krismasi msiniwekee sahani. Nitakuja Pasaka.

Kuhusu kuku: maganda usiwape mazima hata siku moja. Yakaushe jikoni, yaponde mpaka yawe unga, ndipo uchanganye na pumba. Kuku akiona ganda lenye umbo la yai anajifunza vibaya. Tundika gunia mbele ya viota, kuku hadonoi asichokiona. Mayai yaokotwe mapema. Yakishindikana hayo, toboa yai, mwaga kilichomo, lijaze haradali kali, ulirudishe kiotani. Atakayelidonoa atajuta.

Lakini Baba, haya yote alinifundisha Mama. Maisha yake yote amefuga kuku, na wanawake wa bondeni kote walikuwa wanakuja kumuuliza. Kwa nini unaniuliza mimi niliye mbali, na yeye yupo hapo hapo, kuna ukuta tu kati yake na banda? Nimepiga simu kwa Haralambie, inalia tu hakuna anayeshika.

Mwambie Mama aniandikie na yeye, hata mistari miwili.

Aurica


Hîrtopeni, 10 Novemba 2002

Mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu sana. Simu ya Haralambie imekatwa, na hata ikirudi usiipige, mkewe husikiliza kuliko padre kwenye kitubio. Baridi imeingia. Nimefunga mizabibu na kuichimbia udongo, mgongo umekataa, nimeulazimisha.

Gunia nimelitundika. Kuku wameligeuza pazia la nyumbani, wanaingia na kutoka kama mabibi harusi. Haradali nayo nilinunua ile kali inayotoa machozi, nikajaza yai kama ulivyosema, nikasimama mlangoni nione mtu akijuta. Hakuna aliyejuta! Walilimaliza, kisha wakanitazama kama wanauliza soseji iko wapi. Haralambie alicheka mpaka akashika uzio.

Mama nilimuuliza. Alisema wewe unajua. Mikono inamuuma siku hizi, ndiyo sababu haandiki. Kuokota mayai anaokota yeye, kila asubuhi, hiyo kazi hajaiacha, na mimi siwezi kumnyang'anya. Lakini anarudi na kikapu kitupu.

Jambo lingine. Nilimkuta Madoa, yule tetea wa Mama yako, ana kiini mdomoni. Wengine walikuwa wasafi, yeye peke yake mdomo wa njano mpaka machoni. Nikamchinja. Nilijua utakasirika, ndiyo maana nimeliandika mwishoni. Tulikula supu. Mama yako alikula bakuli zima, akaomba tena. Hakuuliza ni kuku gani.

Mayai yanaendelea kuliwa.

Baba yako


Padova, 30 Novemba 2002

Baba,

Nabusu mikono yako, ingawa leo nina hasira nayo.

Umemchinja Madoa? Yule ambaye Mama alimlea ndani ya kofia yake ya manyoya kipindi kile cha theluji, akimpa ugali kwa ncha ya kidole? Aliyekuwa anamfuata mpaka kanisani, padre akamtania kwamba Madoa abatizwe? Na Mama akala bakuli zima, asiulize?

Baba, Mama ana nini?

Usiniambie mikono. Mama angekuwa na mikono ya barafu angechukua kalamu kwa meno akanitukania mtu aliyemchinja Madoa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mimi niko mbali, na asiyekuwapo na lake halipo, najua. Lakini ni mama yangu.

Nakutumia kwa mkono wa Valeriu yai la mti. Ni la bibi Ersilia, alikuwa akilitia ndani ya soksi wakati wa kushona matundu. Sasa hashoni tena. Liweke kiotani. Kuku akidonoa mti siku kadhaa anachoka, anaona mayai yote ni hivyo hivyo.

Na Mama aniandikie. Nasubiri hilo kuliko habari za kuku.

Aurica


Hîrtopeni, 12 Januari 2003

Mwanangu Aurica,

Krismasi yetu imepita. Sahani yako tuliiweka hata hivyo. Basi la Valeriu lilikwama mpakani kwa theluji, ndiyo maana barua yako ilinifikia imechelewa, na yangu hii itachelewa zaidi. Nimeianza mara nyingi. Nimewasha nayo jiko mara nyingi pia.

Yai la mti kuku hawakuligusa. Lilipotea kiotani, nikalikuta mfukoni mwa aproni ya Mama yako.

Sasa nisikilize. Kuku wanataga kidogo majira haya, na nilisema hata hayo machache nitamkamata mwizi wake. Nikajificha nyuma ya mlango wa banda, pale penye majembe. Nilikuwa na fimbo. Mama yako akaja na kikapu, anatembea taratibu, kitambaa chake amekifunga vizuri. Akachukua yai moja huku, yai moja huku. Akasimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza. Halafu akasema kwa sauti ya wazi kabisa, sauti yake ya kanisani: "Kweli amefufuka!" Akagonganisha mayai, kama tunavyogonga ya Pasaka.

Mabichi, Aurica. Yakapasuka mkononi, yakamwagikia miguuni, na kuku wote wakaja mbio, wakala, wakamdonoa hata viatu. Akachukua mengine mawili, akainamisha kichwa tena. Sijui alikuwa anamwitikia nani. Mwezi wa kwanza, theluji mpaka magotini, na kwake ni Pasaka.

Fimbo ilinianguka. Hakugeuka.

Ndiye aliyewafundisha kuku. Na mimi nikamchinja Madoa.

Yuko hivi tangu kiangazi. Mimi ananiita Gavril, kaka yake aliyekufa jeshini. Siku nyingine hasemi kitu toka kuamka mpaka kulala. Ugali anausahau mdomoni. Hizo salamu nilizokuwa nikikuandikia, za soksi, nilizitunga mimi. Niliona zinafanana na zake.

Daktari wa wilaya alikuja, akasema ni uzee, akaomba divai ya kubeba.

Baba yako


Padova, 2 Februari 2003

Baba,

Nabusu mikono yako na ya Mama, kidole kwa kidole.

Nimeisoma barua yako jikoni huku bibi Ersilia akiniita. Ananiita Wanda. Sijui Wanda ni nani, nimeacha kumsahihisha, sasa naitika. Yuko hivyo hivyo, Baba. Hivyo hivyo kabisa. Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilidhani utasikitika kwamba nafanya kazi chafu. Namlisha yai la kuchemsha kila asubuhi, namfuta kidevu, namwimbia. Mama wa watu ndiye ninayemfanyia haya, na wangu anaokota mayai peke yake kwenye theluji. Usiku wa kulia nimelia, sasa nakupa nilichojifunza, maana ndicho nilicho nacho.

Usibishane naye. Akikuita Gavril, kuwa Gavril. Ugali umpe kidogo kidogo, na unywe maji naye ili akuige. Mlango wa banda utie kufuli. Mpe yai la mti agonge nalo, halipasuki, na kuku watasahau wakikosa mayai ya kupasuka. Wapunguzie mwanga, waongezee pumba na unga wa samaki.

Pasaka nitakuja. Kibali kinatoka, mwana wa bibi anasema kinatoka. Pasaka tatu zimenipita. Unakumbuka alivyokuwa akisema Mama, kwamba waliogonganisha mayai Pasaka wataonana ulimwengu ule? Kila mwaka alikuwa akinifukuza uani na yai lake ili nisikwepe. Nataka kugonga naye tena wakati bado anajibu. Mtunze aendelee kujibu, Baba. Mimi sitaki kingine.

Aurica


Hîrtopeni, 16 Machi 2003

Mwanangu,

Theluji imeyeyuka, matope mpaka kwenye roho. Mimi mzima. Mama yako anakula, safari hii ni kweli. Namlisha kama ulivyosema na nakunywa maji naye, nimekunywa maji mengi kuliko farasi. Nikiwa Gavril tunaelewana vizuri kuliko tulivyowahi nikiwa Pintilie.

Kufuli nilitia. Alisimama mbele ya mlango ule tangu asubuhi mpaka jioni, mkono juu ya chuma, akilia bila sauti. Haralambie mwenyewe alipita, akavua kofia, akasema, "Mfungulie, ndugu yangu. Hata jela wanafungua." Nikafungua.

Yai la mti aliligonga na la kweli. La kweli likapasuka. Akaligonga na lingine, likapasuka. Akalitazama lile la mti kwa chuki, akalirusha kwenye matope. Nadhani hapendi mtu anayeshinda kila mara. Hata wewe alikuwa akikuachia ushinde.

Basi nimefanya hivi. Kila asubuhi naingia naye bandani. Nashika yai moja, nampa moja, natega bakuli chini ya mikono yake. Nasema, "Kristo amefufuka!" Naye ananitazama, Aurica, machoni, ananitazama mimi, anasema, "Kweli amefufuka!" Tunagonga. Hayo ndiyo maneno aliyobaki nayo. Hana mengine hata ya kuomba maji. Kilichoingia bakulini namkaangia.

Padre alikuja kutubariki akatukuta. Mfungo Mkuu umeanza, yai ni haramu, na neno hilo halitamkwi mpaka usiku wa ufufuo. Akasema, "Pintilie, wewe ungoje kama watu wengine." Nikamwambia, "Padre, wewe unalisikia kila mwaka. Mimi nikiliacha leo sijui kama kesho nitalisikia." Akatubariki, akaenda zake kwa kina Haralambie kula maharage.

Lakini kuku sasa wameharibika kabisa. Sauti ile ya ganda kwa ganda wanaijua. Nikigonga tu, wanaruka kutoka kila pembe ya ua, hata jogoo. Wanayofikia kiotani wanayamaliza. Nanunua mayai kwa mke wa Haralambie ili nimpe mama yako agonge bandani mwake mwenyewe. Cheka, nakuruhusu.

Njoo Pasaka. Anajibu bado.

Baba yako


Padova, 12 Aprili 2003

Baba,

Nabusu mikono yako.

Hakijatoka. Nimesimama kwenye foleni pale ofisini tangu alfajiri, na msichana wa dirishani alikuwa mpole, hakuwa na kosa. Alisema kiangazi, au baada ya kiangazi. Nikamwambia mama yangu mgonjwa. Akasema anaelewa, akaita mwingine.

Nilifungasha hata hivyo. Nilikaa juu ya begi langu ukumbini, nikifikiri nipande basi la Valeriu, litakalokuwa na liwe. Halafu nikafikiri dawa zenu zinatoka wapi, na kuni, na nikirudi nitaingilia wapi. Bibi Ersilia akatoka chumbani kwake bila viatu, akasema, "Wanda, usiende." Nikafungua begi.

Najichukia, Baba. Sina neno lingine.

Fanya hivi kwa ajili yangu. Siku ya Pasaka, mkimaliza kugonga lako na lake, chukua yai jingine. Mwambie Mama hili ni la Aurica. Sema maneno kwa niaba yangu, mgonge, aitikie. Labda huko juu wanakubali mtu akigongewa. Usilitie rangi nyingi, mimi nilipenda la maganda ya vitunguu.

Kuhusu kuku, mwanawe bibi anasema wapo wanaowakata ncha ya mdomo. Usifanye hivyo. Nimekuandikia tu kwa sababu sina la kukuandikia.

Aurica


Hîrtopeni, 28 Aprili 2003

Mwanangu Aurica,

Leo salamu ni zangu peke yangu. Za Mama sina, na kutunga nimeacha.

Jana ilikuwa Pasaka. Mayai nilichemsha mwenyewe, mekundu, na lako kwa maganda ya vitunguu, likatoka la kahawia lenye mishipa kama jani. Mke wa Haralambie alitupikia mkate. Usiku sikwenda kanisani, lakini dirisha niliacha wazi tukasikia kengele. Asubuhi nikamvalisha Mama yako kitambaa cheupe. Tukatoka uani, maana kijiji kizima kilikuwa uani. Kila uzio watu wanagonga, wanapiga kelele, watoto wanabishana nani ameshinda. Kutoka bondeni mpaka kanisani ni neno hilo hilo moja.

Nikampa yai. Nikasema, "Kristo amefufuka!"

Alilitazama yai. Akaligeuza. Akaniuliza, kwa adabu, kama unavyomuuliza mgeni njiani, "Hiki ni nini?"

Nikasema tena. Nikasema kwa sauti ya Gavril, nikasema kwa sauti yangu. Haralambie akaja kwenye uzio, akasema na yeye. Majira yote ya baridi alikuwa na Pasaka kila siku, ya kwake peke yake, na jana watu wote walipokuwa nayo, yeye akawa ameishiwa. Nilikasirika, Aurica. Nilimkasirikia Mungu uani kwangu siku ya Pasaka, kwa sauti, na mke wa Haralambie alisikia.

Halafu nikakumbuka ombi lako. Nikachukua yai la kahawia. Nikasema, "Safta, hili ni la Aurica." Nikashika mkono wake na yai lake ndani, nikashika lako kwa mkono mwingine, nikasema maneno, nikaitikia mwenyewe, nikagonga. Lako lilipasuka. La kwake likabaki zima, na hakujua ameshinda. Sijui kama linahesabika. Padre sikumuuliza, naogopa jibu.

Nilipoinua macho, kuku walikuwa wameshafika. Wote, mpaka jogoo, wamesimama duara kutuzunguka, shingo ndefu, wananitazama mkononi. Walisikia ganda likigonga ganda, wakaja. Mama yako aliwafundisha, na wao hawajasahau.

Nikalimenya lako, nikawapa, maganda na yote, mazima.

Na leo asubuhi nimeingia bandani peke yangu, yeye bado usingizini. Nimegonga mawili, nikasema yale maneno, kuku wakaja mbio.

Niandikie, mwanangu, wala usijichukie, nakukataza. Kibali kikitoka, njoo. Ila namna ya kuwazuia kuku usiniandikie tena.

Baba yako,
Pintilie